Legacy B4 inavaa 215/45R17: nipande 225 au 235? Wana Mtwara na Lindi karibuni

#1 Chuno Kwetu
Wakuu salaam. Gari ni Subaru Legacy B4 GT ya 2005, rimu za kiwandani inchi 17, tairi 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana, rimu inchi 17). Tairi zimefika mwisho, na zote nne zimeliwa upande wa ndani. Nje kashata (zile alama za mpira zinazokanyaga lami) bado zipo, ndani kumebaki kipara kitupu.

Kila wiki natoka Mtwara mjini kwenda Lindi, na msimu wa korosho naingia Masasi mpaka Newala. Maduka niliyopita hapa mjini hayana 215/45, wanataka waagize Dar. 225/45R17 zipo, 235/45R17 zipo, na muuzaji mmoja ananihakikishia 235 inaingia bila shida.

Mimi binafsi moyo uko kwenye 235. Gari hii ina mbio, na tairi pana inakamata lami kuliko nyembamba, hasa zile kona za Mikindani ukiizunguka ghuba. Anayepinga aje na sababu.

#2 Kipara Mbele
225 weka. 235 achana nayo.

#3 Mabibo
Mkuu Kipara, mwenye uzi kaomba sababu, wewe umekuja na amri.

#4 Fundi Upepo
Kazi yangu ni kuvua na kuvalisha tairi, niko hapa hapa Mtwara. Tuanze na rimu kabla ya tairi.

Rimu ya B4 GT ina upana wa inchi 7 na ofseti 55 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari). Ipindue, nyuma ya spoku imeandikwa. 225/45R17 inakubali rimu ya inchi 7 mpaka 8.5, kwa hiyo uko kwenye kizingiti cha chini lakini ndani ya kipimo. 235/45R17 inaanzia inchi 7.5. Ukiibana kwenye 7 tumbo linatoka nje, kuta zinapinda, na kwenye kona gari inakuja na kuchelewa: unakata steringi, tairi inajikunja kwanza, ndipo gari inafuata. Huo mshiko unaoutafuta Mikindani unaupotezea hapo hapo.

Halafu urefu. 215/45R17 ina kipenyo cha milimita 625 na kidogo. 225/45R17 ni 634, imezidi asilimia 1.4. 235/45R17 ni 643, karibu asilimia 2.9. Kwenye Subaru tairi ikiongezeka kimo inapanda kuelekea sahani ya springi ya shokapu ya mbele. Nafasi pale ni finyu. Muuzaji anaposema inaingia, muulize imeingia kwenye rimu au imeingia kwenye gari.

#5 Mwalimu wa Mtanda
Fundi ameeleza vizuri. Mimi nataka niguse hilo la "tairi pana inakamata zaidi" maana linasemwa kila mahali kama vile limeandikwa kwenye Katiba.

Tuseme kila gurudumu la Legacy linabeba kilo 375 na upepo ni psi 33. Gawa uzito kwa presha: eneo linalogusa lami ni kama sentimita za mraba 162, kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole hivi. Ukivaa 235 kwa upepo ule ule, uzito ni ule ule, kwa hiyo eneo linabaki karibu lile lile. Kinachobadilika ni umbo: linakuwa pana kwa upande na fupi kwa mbele na nyuma. Hujaongeza mpira unaogusa lami.

#6 Dereva wa Masafa
Mwalimu shikamoo. Hesabu yako ni ya makadirio, ukuta wa tairi nao unabeba sehemu ya uzito, kwa hiyo eneo halitoki sawa kabisa na hiyo namba. Na hata likitoka sawa, umbo lina kazi yake. Mguso mpana na mfupi unavumilia kona vizuri zaidi kuliko mwembamba na mrefu, na joto linasambaa kwenye mpira mwingi zaidi. Ndiyo maana magari ya mashindano yanavaa tairi pana, na watu wale hawachezei pesa zao.

Kwa hiyo mwenye uzi hajakosea msingi. Swali ni kama rimu yake inaruhusu.

#7 Mwalimu wa Mtanda
Marahaba. Magari ya mashindano yanavaa mpira laini unaoisha baada ya kilomita chache. Upana wao unausaidia ule mpira usichemke. Sisi tunanunua tairi ngumu ikae miaka. Mpe Chuno 215 ya mpira mzuri na mwenzake 235 ya mpira mgumu kama kiatu, tuone nani atatoka Mikindani salama.

#8 Dereva wa Masafa
Hapo umebadilisha swali mwalimu wangu. Tulinganishe mpira ule ule, saizi tofauti.

#9 Mitwero
Nyie mnapiga hesabu za lami kavu, mnasahau mko kusini. Masika yakianza barabara ya Kibiti, Nangurukuru mpaka Lindi si ya mchezo. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata kabisa upande wa Somanga, watu wakalala njiani. Hata mvua ya kawaida maji yanasimama kwenye mkondo wa malori, ile mifereji miwili iliyobonyea kwenye lami.

Tairi pana kwenye maji yaliyosimama ina kazi kubwa zaidi ya kuyasukuma pembeni, na mguso wake ni mfupi, kwa hiyo muda wa kuyatoa ni mdogo. Inaelea mapema. Ukiwa 110 unaona steringi imekuwa nyepesi ghafla, haibishi, haisemi kitu. Hapo huna gari, una boti. Mimi ningebaki 215 hata kwa kuagiza Dar.

#10 Fundi Upepo
Mitwero nakuunga mkono nusu. Tofauti ya 215 na 225 kwenye maji ni ndogo mno ukilinganisha na tofauti ya kashata milimita 7 na milimita 2. Wengi ninaowavua hapa tairi zikiwa zimeisha wananiambia "bado zinatembea". Kwenye kavu kweli zinatembea.

#11 Dada Altezza
Habari zenu. Kaka yangu hapa Lindi ana Altezza RS200, nayo saizi yake ya kiwandani ni 215/45R17. Alifunga 235/45R17 kwenye rimu zile zile. Akiwa peke yake gari ilikuwa shwari. Siku tumepanda watano, buti ina mizigo, kila tuta kuanzia Mingoyo lilikuwa na salamu yake: kwaaa, nyuma kushoto. Tulipofika tukaangalia, tairi ilishachonga mstari kwenye bega lake, na madigadi ya plastiki ndani imelainika kwa joto, ukiigusa inanuka. Baadaye akashuka 225/45, sauti ikaisha.

Kwa hiyo Chuno, usijaribu ukiwa peke yako mjini. Jaza watu, kata steringi mpaka mwisho pande zote mbili, pita tuta.

#12 Ming'oko
Dada, semeni tu buti ilikuwa na gunia la mabibo mnapeleka kupikia ile kitu 😂

#13 Dada Altezza
Ming'oko wewe ni mtani nakuacha upite. Lilikuwa gunia la chumvi.

#14 Mabibo
Naomba mniache nje ya buti za watu.

#15 Mzee wa Bima
Vijana, mnamwacha mwenzenu kwenye jambo kubwa. Subaru hii inasukuma magurudumu yote manne. Asije akanunua mbili za 225 aweke mbele akaacha 215 za zamani nyuma. Magurudumu yakitofautiana mzunguko, gia inadhani wakati wote kuna gurudumu linateleza, inasuguana ndani bila kupumzika. Dalili yake utaiona kwenye maegesho: ukikata kona kali gari inang'ang'ania kama umeacha handbreki. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Nunua nne kwa pamoja, saizi moja, jina moja, muundo mmoja.

#16 Kipara Mbele
Mzee, milimita 6 za mzunguko ni kipenyo kisichofika hata milimita 2. Yaani kashata ikiisha milimita 1 tu zaidi upande mmoja, umeshavuka. Nani anafuata hiyo? Tungekuwa tumezika gia zote za Subaru mji huu.

#17 Mzee wa Bima
Wanaofuata ni wanaozungusha tairi mbele nyuma kila kilomita 8,000 au 10,000 ili ziishe sawa. Na gia zinazikwa, mjukuu wangu, sema wanaozika hawaji kuandika hapa.

#18 Kusini Ndiko
Mimi nina njia ya tatu ambayo wote mmeiruka: shuka upana, panda ukuta. 205/50R17. Kipenyo 637, imezidi asilimia 1.8 tu, ukuta unakuwa milimita 102 badala ya 97. Rimu ya inchi 7 iko ndani ya kipimo chake. Namba yake ya ubebaji ni 89, yaani kilo 580 kwa tairi, wakati 215/45R17 ya kawaida ni 87, kilo 545. Yaani nyembamba lakini inabeba zaidi. Kwa mtu anayeingia Newala na Masasi, mashimo yanayosababishwa na malori ya makaa ya mawe yakitoka Mbinga kwenda bandarini, ukuta ndio unaookoa rimu. Upana hauokoi kitu ukikutana na shimo usiku.

#19 Mabibo
Aache kuonekana wa mbio avae 205? Mtamuua kwa presha.

#20 Kusini Ndiko
Rimu ikipasuka Mtama saa mbili usiku atakumbuka jina langu.

#21 Fundi Upepo
205/50R17 hoja yake ni nzuri, tatizo kuzipata. Mwezi mzima sijaiona hapa mjini. 225/45R17 zimejaa kwa sababu magari mengi ya Ulaya yanazivaa. Ukipata pancha isiyozibika ukiwa Masasi, swali halitakuwa ipi bora, litakuwa ipi ipo.

#22 Mitwero
Kama ni mashimo kwa nini asishuke rimu 16 kabisa? 205/55R16, kipenyo 632, na ukuta mnene.

#23 Fundi Upepo
Kwa GT ajaribishe kwanza rimu tupu, aizungushe kwa mkono gari ikiwa kwenye jeki. Breki za mbele za GT ni kubwa, baadhi ya rimu 16 zinagusa kaliipa (kile kinachobana diski ya breki). Na tundu za nati za Legacy hii ni tano kwenye duara la milimita 100, asije akabebeshwa rimu za Mark X au Altezza ambazo ni tano kwa 114.3. Zinafanana kwa macho, haziingiliani.

#24 Bandarini
Nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza swali la kwanza: kwa nini tairi zote nne zimeliwa ndani? Chuno anataka kununua tairi mpya azitie kwenye gari ile ile iliyokula za zamani. Hata avae 255 zitaliwa ndani.

#25 Kipara Mbele
Gari imeshushwa. Springi fupi. Magurudumu yanalala ndani kwa juu, bega la ndani ndilo linatembea. Nimemaliza.

#26 Chuno Kwetu
Kipara hapana, springi ni za kiwandani. Nilizikagua mwenyewe, urefu uko sawa kushoto na kulia.

#27 Mzee wa Bima
Basi ni bushi, ile mipira ya kwenye viungo. Gari ya 2005, bushi za mikono ya nyuma zimechoka, ukiwa na spidi gurudumu linajifungulia nje lenyewe. Kwenye mashine ya alaimenti (ya kunyoosha magurudumu) gari imesimama inaonekana nzuri, barabarani inakuwa gari nyingine.

#28 Dereva wa Masafa
Mimi nasema ni uelekeo wa magurudumu, mbele yamefunguka nje. Kulala peke yake hakuli tairi haraka hivyo. Kufunguka ndiko kunasugua. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha. Ukihisi upande mmoja laini na upande mwingine una ncha kama msumeno, jibu ni alaimenti.

#29 Bandarini
Au upepo. Tairi za ukuta mfupi zikipungukiwa upepo huwezi kuziona kwa macho. Zinakanyagia mabega.

#30 Mzee wa Bima
Upepo mdogo unakula mabega yote mawili, ndani na nje. Yeye kaliwa ndani tu.

#31 Bandarini
Mzee, ukichanganya upepo mdogo na gurudumu lililolala kidogo, bega la ndani linatangulia. Yote mawili yapo.

#32 Chuno Kwetu
Nimerudi kutoka kwenye gari. Nimefanya la Dereva: mbele zina msumeno, nyuma hazina, ni laini tu na kipara. Nimeingiza kidole pia kati ya tairi na shokapu ya mbele, gurudumu likiwa chini. Cha shahada kinapita kwa taabu, cha gumba kinagoma. Juu kuelekea sahani ya springi vidole viwili vinapita.

#33 Dereva wa Masafa
Mbele alaimenti, nilisema.

#34 Mzee wa Bima
Nyuma bushi, nami nilisema.

#35 Fundi Upepo
Asante kwa kupima, wengi hawapimi. 225 kwa hesabu inaongeza milimita 5 kila upande. Lakini upana wa 225/45R17 unapimwa ikiwa kwenye rimu ya 7.5. Kwenye yako ya 7 inabanwa, inakuwa kama 220, kwa hiyo ndani unapoteza milimita 2 au 3 tu. Kidole cha shahada kitaendelea kupita. 235 hata ikibanwa itakula hicho kidole, na kwa juu itapanda milimita 9.

Kuhusu alaimenti: shokapu ya mbele ya Subaru, boliti yake ya juu inaweza kuzungushwa kurekebisha kulala. Nyuma kiwandani hawakuweka hiyo nafasi, unarekebisha kufunguka tu. Ndiyo maana bushi zikifa nyuma, mashine pekee haikutoshi.

#36 Kusini Ndiko
Dashibodi nayo? Spidi itasoma pungufu.

#37 Kipara Mbele
Kwa 225, dashibodi ikisoma 100 umeenda 101.4. Kwa 235 karibu 103. Askari mwenye tochi hatakusumbua kwa hiyo moja, na spidomita nyingi za Kijapani zinasoma mbele kidogo ya mwendo halisi. Afadhali umekaribia ukweli.

#38 Mitwero
Vijiji vya huku ni 50 na tochi ziko chini ya mikorosho. Usimfundishe mtu kutegemea hilo.

#39 Ming'oko
Mikorosho yenyewe haina hatia jamani.

#40 Dada Altezza
Chuno, kingine: ukipata 225 usome tarehe. Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Jua la huku na joto la duka la bati linazeesha mpira hata kama haujatembea. Kaka yangu aliuziwa "mpya" zenye nyufa ndogo kwenye mizizi ya kashata, unaziona ukiikunja kwa kidole gumba. Na mtumba wa kutoka nje usiuguse kwa gari ya mbio.

#41 Mabibo
Mtumba dada ndio unatupeleka kazini. Si wote tumeuza korosho.

#42 Dada Altezza
Najua mdogo wangu. Basi angalau soma tarehe na tazama ndani ya tairi kabla haijavalishwa, kiraka kikubwa kinajificha huko.

#43 Mwalimu wa Mtanda
Na upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni upande wa dereva. Kimeandikwa kPa, gawa kwa 6.9 upate psi. Ukipima baada ya kutoka Lindi, joto limeshaongeza psi kadhaa na fundi atakupunguzia upepo unaouhitaji.

#44 Chuno Kwetu
Wakuu asanteni. Wikiendi naanza na alaimenti na bushi za nyuma, tairi zitafuata. Kwa 235 Fundi amenifunga mdomo kwa upande wa rimu, ingawa Mwalimu bado hajanishawishi kwamba upana hauna faida. Swali la mwisho: nikivaa 225 nne, ile spea nyembamba ya kwenye buti inakuwaje?

#45 Mzee wa Bima
Ile ni ya dharura tu, spidi ndogo, mpaka kwa fundi wa karibu. Subaru nyingi za otomatiki ya gia 4 zina kishikizo cha fyuzi ndani ya boneti kimeandikwa FWD. Ukiingiza fyuzi pale gari inasukuma mbele peke yake, gia ya nyuma inapumzika.

#46 Kipara Mbele
Mzee, GT ya 2005 ya otomatiki ni gia 5. Hicho kishikizo asikitegemee.

#47 Mzee wa Bima
Ndiyo maana nimesema za gia 4. Chuno, yako ni manyuali au otomatiki?

#48 Chuno Kwetu
Otomatiki, 5.

#49 Fundi Upepo
Basi beba 215 moja ambayo haijaisha sana kwenye rimu ya kawaida, iwe ya kukufikisha tu, polepole. Hiyo nyembamba iache nyumbani. Na ukija kuvalisha njoo na nati zako zote, rimu nyingi za huku pwani ninazozipokea nati zimeshikwa na kutu ya chumvi mpaka tunazikata.